Bwana yangu hataki kuandika malengo ya 2026

*Shangazi, jambo. Niko mama wa watoto watatu, hapa Ndosho, Goma. Usiku wa kufunga mwaka, kanisani walituomba kila mume na mke waandike malengo yao. Mimi nilijaza kaye, daftari langu, malengo 9, na ukurasa nimekutumia. Bwana yangu alirudisha kalamu, akasema: "Tuko wazima, watoto wanakula." Ni mwalimu katika shule ya mtu binafsi. Mwaka 2025 mzima hakufanya kitu. Asubuhi anakimbilia mpakani, Petite Barrière, kutafuta pesa, jioni amechoka, na kila mwisho wa mwezi analeta mbao mbili tatu ambazo zinaoza nyuma ya jikoni. Rafiki yangu, bwana wake amemnunulia parseli, kiwanja cha kujenga. Mimi mwezi wa nane nilipokea likelemba yangu, zamu yangu katika mchango wetu wa kupokezana, dola 600, lakini peke yangu nitafika wapi? Nimvumilie mwanaume asiye na maono mpaka lini?*

Binti yangu, pole. Mwaka huo ulimchosha kila mtu Goma, na anayepika bila kujua kesho atapika nini ana haki ya kulia. Pole nimekupa, sasa tuongee.

Ukurasa wako nimeusoma mara tatu. Kati ya malengo 9, saba yanaanza na "bwana yangu": anunue parseli, aache ualimu, atafute kazi kwenye shirika, anipe mtaji, na mengine ya namna hiyo. Yako wewe ni mawili tu, kupunguza mwili na kufika Kampala. Umempangia mtu mwaka wake bila kumuuliza, halafu unamkasirikia kwa sababu hakutia sahihi. Mimi pia ningerudisha kalamu.

Unasema hakufanya kitu. Mabenki ya Goma yalifungwa mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege pia. Tangu hapo, mshahara ukiingia kwenye simu, kuushika mkononi ni kazi nyingine: wakala hana noti, au anazo lakini anakata hela nyingi. Ndiyo maana watu wanavuka kwa miguu kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Bwana yako anapanga foleni na kitambulisho mkononi, kisha anawahi darasani, na jioni unakuta unga ndani ya nyumba. Huyo unamwita mtu aliyekaa bure?

Hapo kwenye mbao ndipo niliposimama. Wewe ni mtu wa Goma, unajua nyumba zetu zinavyoanza: mawe ya volkano chini, mbao juu, halafu mabati. Mwenye pesa nyingi anaita gari. Mwenye pesa kidogo anasubiri chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ishushe mbao tatu, anazipanga mwenyewe, anarudi mwezi ujao. Kwa hesabu yako mwenyewe, mbao hizo hazipungui 24. Lengo lake ameliandika kila mwezi na liko nyuma ya jikoni yako. Wewe umelipita na sufuria mkononi mwaka mzima bila kulisoma.

Na dola 600? Umeniambia zilivyoingia, ukanyamaza zilivyotoka. Mimi sisemi umeziharibu. Nasema kabla ya kuuliza mwanaume amefanya nini na mwaka, mwambie wewe ulifanya nini na mwezi wa nane.

Januari 2002 nilikuwa na malengo mimi pia, duka la vitenge, na mpaka mbao za rafu nilikuwa nimezilipia. Tarehe 17 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na mtaa wetu ukabaki jiwe jeusi. Siku ile marehemu bwana yangu alikuja na watoto wawili mgongoni na sufuria moja. Nilimgombeza kwa sababu aliacha cherehani. Mpaka leo neno lile linaniuma.

Ndoa za siku hizi zimejaa kuangalia kwa jirani. Bonane, mwaka mpya, ikifika, kila mmoja anaonyesha picha kwenye simu, sare ya kitenge, funguo za parseli, na mke anarudi nyumbani kumtazama bwana wake kama deni. Hayo madeni ya parseli ya rafiki yako hujaonyeshwa. Mama zetu hawakuandika malengo, lakini walijua maharage yaliyobaki kwenye gunia ni vikombe vingapi. Usiache mbachao kwa msala upitao, mama.

Kumuacha? Hapana, na usimrudishie swali hilo hata kwa utani. Leo akirudi, mpe maji ya kuoga, mpe bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, umwombe msamaha. Kisha muulize: zimebaki mbao ngapi? Andika namba hiyo kwenye kaye, ndiyo iwe lengo la kwanza, na pembeni yake uandike kiasi chako katika likelemba ijayo. Lakini kabla hajafika shuka Birere, kwenye maduka, ununue turubai, uzifunike zile mbao. Mawingu ya jioni tayari yamekaa juu ya Nyiragongo.