Mtoto wangu alikuwa anachukia kitabu, na chanzo nilikuwa mimi

Wazazi wenzangu, naomba niongee hili manake naona tunalikosea wengi. Mwanangu wa kwanza mpaka anafika darasa la tatu akiona kitabu tu uso unabadilika, na mimi nikawa namlaumu, namwambia mvivu, mpaka siku nikakaa nikajiuliza hivi huyu mtoto kitabu anakijua kama nini? Akivunja kikombe naambiwa amevunja namwambia haya kaa hapo usome kurasa mbili. Akimaliza namuuliza maswali, akikosea napandisha sauti. Yani kitabu kwetu kilikuwa fimbo.

Nikaacha. Mwezi mzima sikumwambia asome chochote, usiku nazima tivii namsomea mimi, dakika kumi tu, na namsomea Kiswahili japo shule yake ni ya Kiingereza. Hapo ndo nilipogundua kitu kingine, kile Kiingereza alikuwa anakitamka vizuri kabisa ila ukimuuliza fisi amefanya nini hajui! Kiswahili jamani kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishika ba be bi bo bu anasoma karibu kila kitu, na anaelewa anachosoma. Aanzie hapo ajiamini, Kiingereza kitafuata. Na mkifika pale sungura ananaswa, funga kitabu, mwambie kesho. Atalalamika, mwache alalamike. Wangu siku ya nne nimemkuta amekichukua mwenyewe anatafuta ule ukurasa.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote lakini ni kanga. Siku moja naanika nguo akasimama kwenye kamba anafuatisha maandishi kwa kidole, ananiuliza mama mbona hii imeandikwa kinyumenyume, kumbe nimeianika ndani nje. Nikaigeuza, akasoma taratibu, WE-MA HA-U-O-ZI. Akanyamaza kidogo. "Mama, kwani wema unaozaje?" Tuliongea pale mpaka ndoo ya nguo nikaisahau. Tangu siku hiyo kila kanga ya bibi yake lazima aisome, tukipanda daladala anasoma maandishi ya nyuma ya magari, na hakuna aliyemlazimisha.

Kuhusu hela ya vitabu, najua vya dukani ni bei. Sisi tunachagua vya mtumba pale Posta wanavyopanga chini, na kwa wa Dar kuna Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, ile aliyofungua Mwalimu Nyerere 1967, ina sehemu ya watoto, mpeleke hata Jumamosi moja achague MWENYEWE, usimchagulie. Ukiwa na bando ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi za Kiswahili za bure, unaweza kudaunlodi ukaprinti steshenari. Akichagua chenye picha nyingi maneno machache mwache, akirudia kilekile mara kumi mwache pia. Usimkatishe kila akikosea neno, kama maana haijapotea songa naye mbele. Na akuone na wewe unasoma, hata gazeti, usimtume kwenye kitabu huku wewe umeinamia simu.

Jana nimeingia jikoni kukanda maandazi, kaja kasimama pembeni kachukua pakiti ya hamira, akaanza kunisomea maelekezo yote kwa sauti, akifika kwenye kijiko ananisubiri niweke kwanza ndo aendelee.