Mzee na hadiwea ya jirani

Wewe unayeanza kazi ya ufundi kompyuta, neno hadiwea litumie kwa uangalifu. Wiki yangu ya kwanza mezani, mzee mmoja alileta kompyuta isiyoonyesha kitu, inalia tu: ti, ti, ti. Nikajitia ujuzi. "Mzee, tatizo ni hadiwea." Akauliza kwa upole, "Sasa kijana wangu, nikanunue kwa huyu muuza saruji wa jirani, au mnayo hapa?"

Nikacheka, na halikuwa jambo la kucheka. Mzee alikuwa karibu na asili ya neno kuliko mimi. Waingereza walikuwa nalo tangu karne ya 15 kwa maana ya bidhaa ndogondogo za chuma, za jamii ya bawaba na kufuli; ukilipasua unapata "gumu" na "bidhaa". Watu wa kompyuta walikuja kulichukua katika karne ya 20, wakalitumia kwa mashine yenyewe. Softiwea, yaani programu, ikafuata, gumu likageuzwa laini: mwanatakwimu wa Marekani, John Tukey, alilitumia neno hilo katika makala ya mwaka 1958. Kiswahili sanifu tunasema maunzi. Neno zuri, ingawa sijawahi kumsikia mteja akilalamika kwamba maunzi yake yamekufa.

Sasa nenda kwa huyo muuza saruji ukasimame robo saa. Hakuna anayesema "nipe hadiwea". Watu wanataja nondo milimita 12, bati geji 28, na kijana wa dukani anajua kwamba 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba ni ndogo. Fundi wa kompyuta naye ataje kifaa: ramu (kipande cha kumbukumbu), diski, feni, pawasaplai. Ukiona unakimbilia "hadiwea", mara nyingi hujafungua boksi.

Mimi nilikuwa sijafungua. Nilipochomoa waya wa umeme na kutoa ramu, meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa uchafu. Nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikapangusa vumbi la mpira, nikairudisha na kuikandamiza mpaka vibanio vya pande zote mbili vikalia. Ikawaka.

Kwenye risiti nilikuwa nimeshaandika "hadiwea". Nikaichana, nikaandika nyingine: ramu imesafishwa. Mzee akaisoma, akalipa bila kuuliza swali.