Taa yangu iliogopa mahindi

Ukitaka kuvuna umeme kwenye mtikisiko, usikimbilie kusuka koili, yaani waya uliozungushwa. Kwanza jua mashine yako inatikisika mara ngapi kwa sekunde. Mimi nilianzia mwisho, nikapoteza Jumapili tatu kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wangu, hapa Ngamiani, Tanga.

Tangu 1831 Michael Faraday alishaonyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Basi nikatoa sumaku kwenye diski ya kompyuta mbovu, nikaigandisha kwenye ncha ya msumeno wa chuma. Ncha ya pili nikaibana kwenye mota ya mashine (zima mashine kwanza, mkanda hauna huruma). Koili alinisukia fundi wa mota. Alinicheka sana ila hakunitoza.

Haikuwaka kitu. Msumeno uliobanwa upande mmoja ni kama bembea: una zamu yake, na ukiusukuma nje ya zamu hauchezi. Mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika hutikisa karibu mara 25 kwa sekunde, msumeno wangu ulitaka kama 40. Nikawa naongeza nati moja moja kwenye ncha, maana uzito ukizidi mwendo hupungua, huku nikipima kwa programu ya mtikisiko kwenye simu. Nati ya nne, taa nyekundu ya LED ikawaka. Nilipiga ukelele hadi wateja wakageuka.

Debe la kwanza la mahindi likamiminwa, taa ikazima. Mahindi yakaisha, ikawaka.

"Shekhe, taa yako inaogopa mahindi," akasema kijana anayesaga.

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Mota ikibeba mzigo hupungua kidogo, tuseme ifike 1,440, yaani mara 24 kwa sekunde. Upungufu wa mara moja tu, na msumeno uliozoea 25 unanuna. Kwa hiyo tegesha msumeno kwa mwendo wa mashine ikiwa inasaga, siyo ikiwa tupu. Nilipotoa robo ya nati moja kwa tupa nilikosea upande. Ilibidi niongeze washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati.

Umeme wa koili huenda na kurudi, kwa hiyo unahitaji dayodi, vipande vinavyoupitisha upande mmoja tu. Za kawaida hula karibu volti 0.7 kila moja, na kwenye daraja la dayodi nne umeme hupita mbili kwa pamoja. Tafuta za Schottky, hula kama nusu ya hapo. Sumaku nayo huvutwa na bodi ya mota, msumeno ukapinda. Mimi niliweka kipande cha mbao ya mninga kati ya mota na msumeno, kimekazwa kwa boliti.

Simu je? Kila anayepita anauliza. Chaja ya kawaida hutoa wati 5, kifaa changu ni miliwati 2 siku ikiwa nzuri (miliwati elfu moja ndiyo wati 1). Mara 2,500! Hizo miliwati zinatosha kipimajoto kinachoamka, kinapima, kinalala huku kapasita, ghala dogo la umeme, ikijaa tena. Ndicho ninachofunga sasa kwenye beringi. Imeshaungua mara mbili, na kwa hilo mjomba hanicheki.