Wadogo zangu wa depo, mizani kwanza

Jumanne nilimwona mmoja wenu akimwaga kahawa ya parche (mbegu ikiwa bado na ganda lake la ndani) ndani ya sanduku la mashine ya kupima unyevu, akasoma asilimia 11.2, akaandika, akaita gunia lifuatalo. Mizani ilikuwa pembeni, imefunikwa na koti lake. Nilinyamaza kwa sababu wenye mali walikuwa wanasikiliza. Sasa nasema.

1. Mashine haioni asilimia. Antena moja inatuma wimbi la redio, ya pili inalipokea, na maji yaliyo njiani yanalidhoofisha na kulichelewesha kuliko mbegu yenyewe. Kinachopimwa ni maji yote yaliyokaa kati ya antena mbili. Kahawa ikilegea sandukuni, mbegu zinazopitiwa na wimbi ni chache, maji nayo machache, namba inashuka hata kama kila mbegu bado mbichi.

Hili nililijua kwenye karatasi. Mwaka wangu wa kwanza hapa Bukavu nilifanya kalibresheni, yaani kuoanisha namba za mashine na unyevu halisi, kwa sampuli nilizogongagonga mpaka zikashikana, nikalinganisha na unyevu uliopatikana kwa kuzikausha tanurini kwa nyuzi 105, saa 16. Namba zilikubaliana vizuri sana. Halafu boti la kisiwa cha Idjwi likafika na mvua, kila mtu ana haraka, tukawa tunamwaga tu. Mama mmoja akamenya parche, akauma mbegu, akasema: "Mwanangu, hii bado. Nipe siku mbili niianike." Nikamwonyesha kioo: 11.4. Nikamwambia, "Mama, mashine imeona mpaka ndani." Akaniamini, akaacha magunia yake tisa.

Wiki tano baadaye mbegu zilikuwa zimepauka, zinanuka ukungu. Sampuli yake niliyokuwa nimeifunga kwenye kopo siku ile niliitia tanurini: 13.8. Mnunuzi alikataa yote tisa. Mama alikuja kuchukua mali yake, akanisalimu, akauliza habari za watoto wangu. Hakunigombeza hata neno moja. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo: sanduku lilelile, ujazo uleule, uzito uandikwe kila mara, ili tujue kahawa imeshikana kiasi gani. Mashine zinazosoma kudhoofika na kuchelewa kwa pamoja zinaweza kupunguza kosa la mgandamano. Yetu inasoma kudhoofika peke yake.

2. Vua pete, toa kijiko cha sampuli. Chuma kinarudisha wimbi.

3. Kahawa iliyotoka juani ipoe kwanza, na joto lake liandikwe.

4. Gunia lililonyeshewa ziwani lisipimwe likiwa limefungwa. Maji ya katani ya gunia nayo yanahesabiwa, na hapo mnamkata mkulima bei kwa sababu ya mvua. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, mchapakazi kweli, alikataa magunia manne hivyo. Tulimkimbilia mwenye nayo mpaka bandarini, tukamkuta anapakia.

5. Kabla sijawasha mashine, namwomba mwenye kahawa aume mbegu. Anachosema nakiandika kwenye safu ya kwanza ya daftari, kabla ya namba yoyote. Kesho nataka kuiona safu hiyo kwenye madaftari yenu.