Maswali ya Wafugaji: Kuku Wapya Waje Lini, na Walale Wapi?

Swali

Mshauri, shikamoo. Ninaishi Pasua, Moshi, na nyuma ya nyumba nina kuku wa kienyeji 12, ambao watatu kati yao wamezeeka na hawatagi tena. Ningependa kuongeza kuku 10 wa kutaga ili mwezi wa Desemba, ndugu watakaporudi nyumbani kwa sikukuu, niwe na mayai ya kutosha ya kula na ya kuuza. Jirani yangu anahama na anataka kuniuzia matetea 4 kwa bei nafuu, na duka la pembejeo linapokea oda za vifaranga wa siku moja wa Kuroiler, aina ya kuku chotara. Nimekusudia kufanya yote mawili Aprili, katika mapumziko ya Pasaka. Je, nimepanga vema?

*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Lengo lako ni zuri, ila mwezi uliouchagua ndio unaonipa wasiwasi. Aprili ndio kilele cha masika hapa kwetu: sakafu ya banda haikauki, maranda yanashika unyevu, na vimelea vya kuhara damu, ambavyo hutoka na kinyesi cha kuku wakubwa, hukomaa upesi panapokuwa na unyevu na joto. Kifaranga wa wiki tatu anayedonoa maranda ya namna hiyo anaweza kufa kabla hujajua kwamba anaumwa.

Anza kuhesabu kutoka Desemba ukirudi nyuma. Kuroiler wanaolishwa vizuri huanza kutaga wakifikisha takriban miezi mitano na nusu, yaani wiki 24 hivi. Ukipokea vifaranga mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimepungua, utatarajia mayai ya kwanza katikati ya Novemba, na Desemba itakukuta tayari. Ni kweli kwamba Juni na Julai usiku huwa na baridi, na utatumia mkaa zaidi; lakini baridi kavu unaweza kuizuia kwa jiko na mapazia ya magunia, wakati unyevu wa masika hauna dawa ya haraka.

Kuhusu idadi, usiagize 10. Vifaranga hawa kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa, na karibu nusu yao huwa majogoo. Anayetaka matetea 10 aagize kati ya 22 na 25, akijua kwamba wachache watapotea njiani na kwamba majogoo watauzwa au kuliwa wakifikisha miezi minne. Kwa hiyo banda nalo lipimwe kwa hesabu hiyo: mita moja ya mraba inatosha kuku wakubwa wanne au watano, si zaidi.

Aprili na Mei zitumie kwa maandalizi. Ziba paa linalovuja, inua sakafu, na tafuta matandiko makavu mapema. Pumba za mpunga kutoka mashine za Mabogini zinafaa sana, na maranda ya seremala pia yanafaa. Unga laini wa msumeno usiutumie, kwa sababu vifaranga huula wakidhani ni chakula. Katika muda huo huo wachanje kuku wako wa zamani dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, angalau wiki mbili kabla ya kuku wageni kufika. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Vifaranga watakapofika, wakute chumba kimeshapata joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa au kuzunguka jiko wanasikia baridi, wakikimbilia kuta huku wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto, na wakitawanyika kila mahali, wengine wakila na wengine wamelala kifudifudi, basi usiguse kitu. Jiko la mkaa liwashwe nje hadi moshi uishe ndipo liingizwe, na pawe na upenyo wa hewa juu ya ukuta, kwa maana hewa ya mkaa huua vifaranga na huua watu pia. Chanjo ya mdondo hutolewa siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21. Ya ugonjwa wa Gumboro hutolewa siku ya 14 na ya 28. Ukizitia kwenye maji ya kunywa, usitumie maji ya bomba yaliyotoka kutiwa klorini, kwa kuwa klorini huua chanjo na utakuwa umewanywesha maji matupu.

Sasa nije kwa matetea wa jirani, maana hapa ndipo wengi tunapoumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua matetea watatu kwa muuzaji niliyemwamini, nikawaingiza bandani jioni ile ile kwa sababu manyoya yao yaling'aa na walikula vizuri. Siku ya sita niliona povu dogo kwenye kona ya jicho la mmoja wao, na nilipomshika nikamsogeza karibu na sikio, nilisikia pumzi ikikoroma kifuani. Wiki ya tatu banda zima lilikuwa likipiga chafya. Nilipoteza kuku 5, wote wa zamani. Wageni watatu walibaki wazima. Kuku aliyewahi kuugua mafua akapona huweza kuendelea kubeba vimelea na kuviambukiza bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote, na banda lisilowahi kukutana na vimelea hivyo ndilo linalolipa.

Kwa hiyo ukiwachukua, watenge siku 30 katika kona ya mbali, wakiwa na vyombo vyao na kandambili zako za kuvaa huko tu. Kila asubuhi hudumia kwanza kuku wa zamani, wageni wawe wa mwisho. Kama huna nafasi ya kuwatenga, nakusihi umshukuru jirani na uwaache.

Siku 30 zikiisha salama, weka wavu kati ya makundi mawili kwa wiki moja ili waonane bila kugusana, kisha uwachanganye usiku, wakiwa wamelala kwenye fito. Ongeza chombo cha pili cha chakula na cha maji, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Atakayetoka damu mtoe mara moja na umpake GV, ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, kwa kuwa rangi nyekundu huwavuta wenzake waendelee kumdonoa. Tena, maadamu banda lina wasiotaga, wote wapewe chakula cha kukuzia, na wanaotaga uwawekee chokaa ya mifugo katika chombo cha pembeni. Chakula cha kutagia kina chokaa nyingi inayoharibu figo za kuku wachanga.

Swali

Je, kuku wangu anayeatamia anaweza kulea vifaranga wa dukani?

*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Jibu

Anaweza, na atakupunguzia gharama ya mkaa. Awe ameatamia si chini ya wiki mbili, awe hana utitiri, na awe amechanjwa. Giza likishaingia ingiza vifaranga wawili chini ya bawa lake, ukiondoa mayai kidogo kidogo. Akiguna kwa sauti ya chini na kutulia, ongeza wengine hadi 10 au 12. Alfajiri uwepo, kwa sababu koo wa kuwakataa huwadonoa mara tu anapowaona kwa mwanga.

Swali

Jogoo wangu ana miaka mitatu na matetea wengi ni watoto wake. Nimbadilishe?

*Msomaji wa Kibosho*

Jibu

Mbadilishe, kwani vifaranga wa damu moja hudhoofika na mayai mengi hayaangui. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Mpya naye akae siku 30 peke yake, na yule wa zamani aondoke kabla huyu hajafunguliwa.