Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Babu na Ganda la Kukatwa

*Papa Fundi, salamu kutoka Katuba. Marehemu babu yetu alituachia bunduki ya kuwindia, Mauser ya Kibelgiji ya milimita 7.65, pamoja na hati zake na boksi la maganda matupu. Risasi zake hatuzipati tena. Binamu yangu anayeishi Marekani anasema kwamba huko watu hujijazia risasi nyumbani, na kwamba ganda la bunduki nyingine, liitwalo .30-06, hukatwa likageuzwa kuwa la 7.65. Shemeji yetu ana mashine ya kukereza vyuma, na mikono yake ni mizuri. Je, tunaweza kujaribu? — Msomaji wa Lubumbashi*

Mwanangu, jibu langu ni hapana, na ninakuomba ulisome hadi mwisho, kwa sababu binamu yako hakukudanganya. Wawindaji na walenga shabaha wengi wa Marekani hujaza maganda yao wenyewe, na ganda la .30-06, ambalo jeshi la nchi hiyo lilianza kulitumia mwaka 1906, ni kweli hugeuzwa kuwa la 7.65. Kitako cha maganda yote mawili kina kipenyo kinachokaribiana sana, takribani milimita 12, lakini la Kimarekani lina urefu wa milimita 63 na la bunduki ya babu yako lina 53 na ushei. Anayetazama kwa macho tu huona milimita kumi za kukata, basi. Hapo ndipo mafundi hodari, wa namna ya shemeji yako, wanapoponzwa na uhodari wao.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa shaba kutoka mbali. Umewaona mafundi wanaogonga sahani na picha za shaba: wakigonga kwa muda, bamba huwa gumu, hukataa nyundo, na wakilazimisha hupasuka; kwa hiyo hulirudisha motoni lilainike, kisha huendelea. Ganda la risasi limetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, nayo ina tabia hiyohiyo. Kiwandani huanza kama kikombe kifupi kinachovutwa hatua kwa hatua, na kati ya hatua na hatua hupashwa moto. Mwishoni kitako huachwa kigumu, kwa kuwa ndicho kinachobeba mshindo, na shingo huachwa laini ili iishike risasi na itanuke bila kuchanika. Kwa hiyo ganda moja lina ugumu wa namna mbili, na jicho haliwezi kuutambua.

Ukilikata ganda refu, shingo yake ya zamani unaitupa, na shingo mpya inatoka kwenye tumbo, mahali ambapo ukuta ni mnene zaidi. Unene huo usipopunguzwa kwa kipimo sahihi, shingo inabanwa ndani ya chumba cha bunduki, yaani mahali ganda linapokaa wakati wa kupiga, risasi haiachiliwi inavyopaswa, na shinikizo linapanda. Chumba cha bunduki ya aina hii hubeba shinikizo linalokaribia bari 4,000, wakati tairi la gari dogo lina bari mbili na kidogo. Ndani ya bunduki iliyotunzwa tangu zama za wakoloni, tena ambayo hakuna aliyeipima kwa miaka mingi, hakuna nafasi ya kuongeza hata kidogo, na uso wa mpigaji uko sentimita chache tu nyuma ya komeo.

Bega la ganda, yaani mteremko kati ya tumbo na shingo, nalo ni hatari, na pengine zaidi. Likirudishwa nyuma kupita kiasi, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, ganda huwa fupi kuliko chumba chake. Baruti inapowaka, kuta zake hunata kwenye chumba, kitako husukumwa nyuma peke yake, na shaba huvutika mpaka ikakatika juu kidogo ya kitako. Gesi ya moto hutokea hapo. Huko Marekani wanaoifanya kazi hii wana vipimo vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya chumba kimoja tu, wana vitabu vya viwanda vya baruti vinavyotaja kila uzito, na baruti yenyewe wanainunua dukani ikiwa na jina na namba. Baruti isiyojulikana asili yake haina kipimo kilicho salama. Shemeji yako anayo mashine ya kukereza; hayo mengine hana, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuyaziba.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, katika karakana moja ya hapa mjini, niliwahi kupasha moto bomba dogo la shaba ya njano kupita kiasi. Lilipopoa lilikuwa linang'aa, zuri kuliko mengine yote, na mwalimu alipolijaza maji kwa shinikizo likachanika kwa urefu mikononi mwetu. Maji yalitulowesha tu. Tangu siku hiyo siamini uzuri wa shaba ambayo sikuiona ikipashwa, na ninapofikiria gesi ya baruti mahali pa maji yale, siwezi kukuandikia neno lolote la kukutia moyo katika jambo hili.

Kuhusu boksi la maganda matupu ya babu: usifikirie kuyatumia tena. Fataki za zamani, yaani vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti, nyingi zilikuwa na zebaki, ambayo baada ya kupigwa huingia ndani ya shaba na kuifanya ivunjike kama kaukau, ingawa kwa nje haina alama. Tena maganda mengi ya Ulaya yalifuata mtindo wa Berdan, yenye matundu mawili madogo chini ya fataki na fuawe, yaani kinundu ambacho fataki hugongwa juu yake, iliyo sehemu ya ganda lenyewe. Vifaa vya kujazia wanavyotumia Wamarekani vimetengenezwa kwa mtindo wa Boxer, wenye tundu moja la katikati. (Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer alikuwa Mwingereza, lakini kila mmoja alipata wafuasi wake ng'ambo ya bahari.)

Sheria nayo haikuachii mlango. Utaratibu wa silaha na risasi nchini mwetu umewekwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kutengeneza risasi bila idhini ya serikali si kazi ya mtu binafsi. Hati za babu zilikuwa za babu. Nenda nazo kwa mamlaka za mkoa, ueleze kwamba mwenyewe amefariki, kabla hujaulizwa. Katika nchi hii, ambako watu wa Goma na Bukavu wamezika ndugu wengi mno kwa ajili ya risasi, karakana inayojaza maganda usiku haiwezi kueleweka kwa wema, hata kama nia yenu ni swala mmoja tu.

*Papa Fundi, mama yangu amepata kwenye sanduku la zamani risasi kumi na mbili nzima zenye kutu ya kijani, baadhi zimepasuka shingoni. Je, naweza kuzisugua na kuziuza kwa wanunuzi wa shaba? — Msomaji wa Ruashi*

Usizisugue, usizitie koleo, na usizipeleke kwa mnunuzi yeyote, kwa sababu yeye ataziyeyusha. Mpasuko ulioueleza ni ugonjwa wa shaba ya njano unaojulikana tangu Waingereza walipoona risasi zao zikichanika nchini India wakati wa masika, zikiwa zimehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi: amonia ya mkojo, unyevu wa hewa, na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipovutwa, hayo matatu yakikutana shaba hupasuka bila kuguswa. Ganda lililopasuka linaweza kuwa linamwaga baruti, na fataki yake bado ni hai. Waondoeni watoto chumbani, liacheni sanduku mahali lilipo, mbali na moto wa jikoni, kisha mama aende mwenyewe polisi wa komini awaombe waje kuzichukua; asizibebe kwenye mfuko kuwapelekea.