Kikonyo cha mwembe kimechipua kisha kikakauka: kosa liko wapi?

SWALI: Nimebebesha miche ya mwembe kwa kupasua shina. Baada ya wiki mbili vikonyo (vile vitawi nilivyopachika) vilitoa majani machanga, lakini wiki mbili baadaye vyote vikanyauka. Nilihakikisha gome la kikonyo na la shina-mama (shina lenye mizizi linalobeba kikonyo) yamelingana kwa nje. Tatizo ni nini? Na je, mnazi nao unaweza kubebeshwa hivi?

JIBU: Tatizo liko kwenye huko kulinganisha kwa nje.

Ukikata shina la mwembe utakuta, kutoka nje kwenda ndani, gome, kisha floemu inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani, kisha kambiamu, kisha mti wenyewe, yaani zailemu inayopandisha maji, na katikati kiini laini. Kambiamu ni utando wa seli chache tu, na ndiyo inayogawanyika: upande wa ndani inazaa zailemu, upande wa nje floemu. Ukibandua gome bichi ukahisi utelezi, hapo ndipo ilipo.

Shina-mama kwa kawaida lina gome nene kuliko kikonyo kichanga. Kwa hiyo magome yakilingana kwa nje, kambiamu ya kikonyo inaangukia kwenye gome la shina-mama, na mishipa haiungani. Sukuma kikonyo ndani kidogo, kiasi cha tofauti ya unene wa magome. Kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, usikiweke katikati. Kilaze upande mmoja. Kambiamu ikigusana upande huo mmoja, inatosha.

Yale majani ya mwanzo yalikudanganya. Chipukizi hufunguka kwa maji na chakula kilichokuwa tayari ndani ya kikonyo, hata kama hakijashika. Majani yanapotanuka hupoteza maji mengi, na kama zailemu haijaungana, akiba inaisha na yananyauka. Fungua kiungo kimoja ukague. Nyuso kavu za kahawia zinazoachana zenyewe zina maana hapakuungana kitu. Ukiona uvimbe mweupe wa seli upande wa shina-mama tu, ama kikonyo kilikauka mapema au kilikaa pasipo mahali pake.

Safari ijayo, chagua shina lenye unene wa penseli, likate sentimita 20 hivi kutoka ardhini, lipasue sentimita 3 hadi 4. Kikonyo kiwe cha sentimita 10 hadi 15, chenye jicho la ncha lililovimba. Ukiondoa majani yake siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, jicho huvimba vizuri. Kichonge umbo la kabari kwa mikato miwili mirefu ya kisu kikali kilichosafishwa. Kisu butu huponda seli za kambiamu, na zilizopondwa hazigawanyiki. Funga kwa utepe wa plastiki kwa kukaza, kisha vika kifuko cha plastiki na weka mche kivulini. Usilegeze utepe kwa sababu tu umeona jani.

Mnazi hapana. Ni mmea wa ghala moja, yaani wenye jani-mbegu moja, kama mgomba na mahindi: vifungu vyake vya zailemu na floemu vimetawanyika shina zima, na hauna kambiamu ya kuviunganisha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba wamefaulu kuunganisha mimea ya kundi hilo, lakini kwa tishu za kiinitete ndani ya mbegu, si kwa shina lililokomaa. Minazi endelea kuizalisha kwa nazi zilizochaguliwa kutoka kwa mnazi mzaaji.